Farasi Akishanyolewa: Maswali na Majibu kuhusu Manyoya na Ngozi Yake

Farasi anayefanya kazi au mazoezi wakati wa baridi hunyolewa mwili hasa kwa sababu ya jasho. Manyoya marefu yakilowa huchukua saa nyingi kukauka, na farasi aliyelowa hupoteza joto haraka. Wengine hunyolewa ili watibiwe chawa au maradhi ya ngozi. Yafuatayo ni maswali ambayo wenye farasi huwa nayo mara mashine inapozimwa.

Nimemaliza kunyoa sasa hivi. Nianze na nini?

Muondolee vinywele vilivyokatwa, mba na mafuta ya mashine kabla hujamfunika kabisa. Chukua ndoo ya maji ya moto kiasi ambacho mkono wako unakivumilia, chovya taulo, likamue mpaka lisidondoshe hata tone, kisha mfute kwa nguvu ukifuata ulalo wa manyoya. Anza begani, halafu ligeuze taulo ulitazame. Hata kwa farasi aliyeonekana safi, utakuta limeshika tope la kijivu lenye mafuta, limejaa vinywele vifupi vilivyochongoka. Tope hilo likiachwa chini ya blanketi, usiku kucha atajisugua ukutani. Suuza, kamua, rudia hadi taulo litoke karibu safi. Sehemu uliyomaliza uifunike huku ukiendelea na nyingine, maana ngozi yenye unyevu hupoa upesi.

Ukipenda, tia kwenye ndoo matone machache ya mafuta laini ya ngozi. Yasizidi, kwani mafuta mengi hunasa vumbi. Ama kumwogesha kwa shampuu, wakati wake mzuri ni siku moja au mbili kabla ya kunyoa. Vumbi katika manyoya hufanya meno ya mashine yawe butu na yapate moto, na hapo ndipo matatizo mengi ya ngozi yanapoanzia.

Mbona rangi yake imepauka? Je, ni mgonjwa?

Hapana. Rangi ya unywele wa farasi aghalabu imekolea nchani na kufifia kuelekea kwenye shina. Ukikata ncha, unabaki na ile sehemu iliyofifia, ndiyo maana farasi wa hudhurungi anaweza kugeuka rangi ya panya. Tena zile ncha zilizolala ndizo zilizokuwa zikirudisha mwanga. Mpe wiki moja hadi mbili, na mistari ya mashine pia itaanza kufifia.

Mng'ao wenyewe hutoka kwenye ngozi. Kila shina la unywele lina tezi ya mafuta, na brashi laini ya kila siku huyasambaza mafuta hayo hadi juu. Dawa za kupuliza zenye silikoni hung'arisha kwa muda tu, na zikipulizwa mgongoni hufanya tandiko liteleze. Mimi sioni sababu ya kuzitumia mahali mpanda farasi anapokalia. Farasi anayebaki kupauka wiki nyingi baadaye achunguzwe minyoo, meno na lishe, hasa protini, shaba na zinki.

Blanketi liwe zito kiasi gani?

Manyoya ya baridi husimama na kunasa hewa karibu na ngozi. Ukiyanyoa, umemnyang'anya farasi kinga hiyo, na hawezi kuirudisha mpaka yaote tena. Farasi mwenye manyoya yake, aliyezoea hali ya hewa ya wastani, hukaa bila taabu kati ya takriban nyuzi 5 na 25 za Selsiasi. Kwa aliyenyolewa, kile kiwango cha chini hupanda, hivyo huanza kuhisi baridi mapema. Hupanda zaidi akilowa au akipigwa na upepo.

Uzito wa ujazo wa blanketi hupimwa kwa gramu: lisilo na ujazo ni 0, jepesi hukaribia 100, la kati 200, na zito ni 300 na kuendelea. Majedwali ya kulinganisha gramu na nyuzijoto yanasaidia kuanzia tu. Aliyenyolewa mwili mzima si sawa na aliyenyolewa shingo na kifua pekee, na mzee aliyekonda si sawa na kijana mnene. Kipimo cha kuaminika ni mkono wako. Uingize chini ya blanketi, nyuma ya bega, uutulize hapo kidogo. Ukikuta pakavu na vuguvugu, mwache. Ukikuta unyevunyevu, anatoka jasho, mpunguzie. Ukikuta pa baridi naye amejikunyata, mkia ameubana au anatetemeka, muongezee. Usitegemee kugusa masikio peke yake.

Nawasihi sana wenye farasi kuhusu kosa la kufunika kupita kiasi. Binadamu akihisi baridi hudhani farasi naye anahisi hivyo hivyo, akamtwika blanketi zito usiku na kumwacha nalo hadi mchana wa jua. Jasho likikaa pale, ngozi hulainika, na bakteria aitwaye Dermatophilus congolensis hupata nafasi ya kustawi. Utaona magamba yaliyoshika vishungi vya manyoya. Ukivuta kishungi, kinang'oka na chini yake pamebaki pabichi. Basi livue blanketi kila siku, mkague farasi mwili mzima, na umtazame zaidi mabegani na kifuani ambako blanketi hukwaruza.

Chakula nacho ni joto. Nyasi kavu zinapochachuka kwenye utumbo mpana huzalisha joto kwa saa nyingi kuliko nafaka. Farasi wa kilo 500 huhitaji walau kilo 7.5 hadi 10 za chakula cha nyasi, kikihesabiwa kikavu, kwa siku. Baridi ikizidi, ongeza nyasi kwanza.

Vipele vimejitokeza siku ya pili. Nifanye nini?

Tazama vilivyo kabla ya kupaka chochote. Vipele vidogo vilivyotapakaa pale mashine ilipopita, bila usaha, mara nyingi ni ngozi iliyokereketwa na meno yenye moto, mafuta au vinywele. Safisha kwa maji vuguvugu, acha pakauke, usiweke tandiko juu yake. Kwa kawaida hutulia ndani ya siku chache. Krimu za binadamu ziache hadi umuulize daktari wa mifugo.

Mabaka ya mviringo yanayopoteza nywele ni habari nyingine. Huenda ni choa, ugonjwa wa ukungu unaoonekana siku kadhaa hadi wiki chache baada ya maambukizi. Hukaa kwenye meno ya mashine, brashi, mikanda na mablanketi, na huambukiza binadamu pia, watoto wakiwemo. Vaa glavu, mtenge farasi huyo na vifaa vyake, mwite daktari. Mashine ya kuazima isiguse farasi wako kabla ya kusafishwa kwa dawa ya kuua ukungu.

Usingoje ukiona uvimbe unaouma, usaha, au farasi amekataa chakula. Mpime joto: farasi mkubwa mwenye afya huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5 za Selsiasi.

Brashi ya zamani bado inafaa?

Ile ngumu ya kuondolea matope, hapana. Tumia laini, au ya mpira unaokunjika, bila kukandamiza.

Akitoka mazoezini ametoa jasho?

Mtembeze hadi pumzi itulie, mfute chumvi ya jasho kwa taulo vuguvugu, kisha mvike kitambaa cha sufi au cha aina inayonyonya unyevu. Blanketi lisilopitisha maji halivikwi farasi aliyelowa. Wakati wa kutembea polepole kwenye upepo, mfunike kiuno na mapaja, kwa kuwa ndiyo misuli iliyotoka kufanya kazi.

Na miguu, masikio, ndevu za mdomoni?

Miguu ya farasi anayeshinda kwenye tope iache na manyoya yake, maana huikinga ngozi ya kisiginoni. Ndevu za mdomoni na zinazozunguka macho ni viungo vya kuhisi. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilipiga marufuku kuzinyoa kwa farasi wa mashindano kuanzia Julai 1, 2021. Farasi mwenye ngozi ya waridi akinyolewa anaweza kuungua na jua, hivyo mvike kitambaa chepesi mchana.

Farasi wangu mzee ameota tena manyoya marefu yenye mawimbi. Nimnyoe tu?

Mnyoe apate nafuu, lakini mpime. Manyoya yasiyopukutika majira yakibadilika ni dalili kubwa ya hitilafu ya tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, pamoja na kukonda misuli ya mgongo, kunywa maji mengi na kuumwa kwato mara kwa mara. Daktari huchukua damu na kupima ACTH, homoni inayotolewa na tezi hiyo, na dawa ya pergolaidi husaidia wengi. Kwato zake zikaguliwe mapema, kwa sababu huko ndiko madhara mabaya zaidi yanakotokea.

Nimnyoe mara ya mwisho lini?

Manyoya huongozwa na urefu wa mchana. Siku zikianza kurefuka, ya baridi hujiandaa kupukutika na ya kiangazi huanza kuota chini yake. Katika nchi za kaskazini wengi hunyoa mara ya mwisho kabla ya Januari kwisha, ili mashine isikate ncha za manyoya mapya. Ukichelewa, farasi hatadhurika, ila atabaki na rangi iliyopauka hadi kiangazi.