Mikia ya majina: Ugiriki kwenye kengele za mlangoni

Mlangoni pa jengo ninalokaa, Kypseli, katikati ya Athens, kuna kibao cha kengele 24. Kando ya kila kengele kuna jina la ukoo. Wageni wangu wakitoka nyumbani huwa na haraka ya kwenda kuona Akropoli, nami huwazuia dakika tano hapo mlangoni. Akropoli wameshaiona kwenye picha. Kibao hiki hawajakiona, na mimi ambaye ni mkalimani, kazi yangu kutwa nzima ni majina ya watu kwenye makaratasi, sijui mahali pengine pa kuianzia Ugiriki ya leo.

Majirani siwataji. Nitaficha vichwa vya majina yao niwaonyeshe mikia tu, maana habari yenyewe iko mkiani.

Kengele ya kwanza inaishia na -akis. Huyo asili yake kisiwa cha Krete, huna haja ya kumuuliza. Mkia huo ulianza kama alama ya udogo, kama ki- yetu kwenye "kitoto", na Wakrete wameubeba mpaka ukawa kitambulisho: Kazantzakis mwandishi, Mitsotakis waziri mkuu. Ila angalia, mkia humfuata baba, haufuati mahali ulipozaliwa. Mikis Theodorakis, mtunzi wa muziki, alizaliwa kisiwa cha Chios mwaka 1925, lakini baba yake alikuwa Mkrete, basi -akis ikabaki pale pale.

Juu yake kuna -poulos, "mwana wa", mkia uliojaa Peloponnese, ile rasi kubwa ya kusini. Kuna -atos, wa kisiwa cha Kefalonia upande wa magharibi. Na kuna -akos, wa Mani, ncha ya kusini kabisa ya bara. Hapo Mani pana jambo linalonifurahisha: mlima Taygetos unaikata nchi katikati, na ukivuka upande wa pili mkia unageuka kuwa -eas. Mlima mmoja, mikia miwili.

Sababu utaiona ukifungua ramani. Karibu asilimia 80 ya nchi ni milima, Olympus peke yake una mita 2,917, na baharini kuna visiwa na vijisiwa kama 6,000, ambavyo vyenye watu ni 227 tu. Watu wa bonde hili na bonde lile walikuwa wakionana kwa nadra. Hata leo upepo ukichafuka, mamlaka ya bandari hutangaza *apagoreftiko*, marufuku ya vyombo kutoka, na kisiwa kinabaki peke yake hadi bahari itulie. Mtu wa pwani yetu hashangai. Kitakachomshangaza ni kwamba upepo wao mkubwa, meltemi, huvuma kutoka kaskazini wakati wa joto kali la Julai na Agosti.

Sasa turudi kibaoni, tuangalie vichwa viwili nisivyoweza kuvificha. Papa- maana yake kuna kasisi katika ukoo. Waorthodoksi huruhusu mwanamume aliyekwisha kuoa kupewa ukasisi, kwa hiyo makasisi wana watoto, na watoto wa watoto. Papadopoulos, jina lililojaa nchi nzima, ni "mwana wa kasisi" tu. Cha pili ni Hatzi-. Nilipokiona mara ya kwanza nilidhani jirani yangu ni Mwislamu. Kumbe ni haji yetu ile ile! Zamani za dola ya Waturuki, Mkristo aliyekwenda Jerusalemu na kujitosa mto Yordani alirudi akiitwa haji kama jirani yake Mwislamu aliyetoka Makka, na watoto wake wakalirithi.

Mikia miwili iliyobaki ndiyo yenye uzito: -idis na -oglou. Wa kwanza ni wa Kigiriki cha kale, na umeshikwa zaidi na watu wa Ponto, pwani ya kusini ya Bahari Nyeusi. Wa pili ni Kituruki kabisa, nao pia ni "mwana wa". Wenye mikia hii walikuja na meli. Ugiriki iliingia vitani na Waturuki kule Anatolia, upande wa Asia wa Uturuki ya leo, ikashindwa mwaka 1922, mji wa Smyrna (Izmir ya leo) ukaungua, na Januari 1923 pale Lausanne mataifa mawili yakaandikiana mkataba wa kubadilishana watu. Wakristo wapatao milioni 1.2 wakawa wa Ugiriki, Waislamu zaidi ya 350,000 wakapelekwa Uturuki. Ugiriki wakati huo ilikuwa na watu kama milioni 5. Hesabu mwenyewe.

Kipimo kilikuwa dini. Lugha haikuulizwa. Kwa hiyo Waislamu wa Krete waliojua Kigiriki peke yake walishushwa Uturuki, na Wakristo wa Kapadokia waliosali kwa Kituruki wakashushwa Ugiriki, ambako waliitwa Waturuki. Wengine waliona haya wakakata -oglou wakabandika -idis. Bibi wa ghorofa ya chini kwetu, ambaye ukoo wake haukukata, husema babu yake alikataa kwa sababu jina ndilo mzigo pekee ambao hakunyang'anywa njiani.

Wakimbizi waliita mitaa yao kwa majina ya walikotoka: Nea Smyrni, Nea Filadelfeia, Nea Ionia. "Nea" ni mpya. Na timu yao ya mpira, AEK, waliyoiunda mwaka 1924, ile K mwishoni ni Konstantinopoli, Istanbul ya leo. Mimi kila treni ikisimama kituo cha Nea Ionia hukumbuka Biblia ya Kiswahili. Wayunani wa humo ni Waionia, watu wa pwani ile ya Anatolia ambao watu wa mashariki waliwafahamu kwanza. Jina likapita kwa Waarabu likatufikia. "Ugiriki" tuliipata baadaye kutoka kwa Wazungu, waliorithi neno la Kirumi. Wenyewe hawatumii hata moja: nchi yao ni Elada, na wao ni Elines.

Walikutanaje watu wa mikia yote hii kwenye ngazi moja? Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha 1949, vijiji vilimiminika mjini. Pesa za kujengea hazikuwepo, ikatumika njia iitwayo *antiparochi*: mwenye kiwanja anamwachia mjenzi kiwanja, mjenzi anapandisha ghorofa na kumlipa kwa nyumba mbili tatu humo humo, zilizobaki anauza. Athens ikavaa zege. Leo mkoa wa Attica, ambamo Athens imo, una watu kama milioni 3.8, katika nchi ya watu milioni 10.5 hivi.

Ukitazama kibao vizuri utaona Papadopoulos mmoja na Papadopoulou mmoja. Huyo wa pili ni mwanamke, na ile -ou ni "wa", kama pwani kwetu tulivyoandika "Asha binti Juma". Zamani mke alichukua ukoo wa mume. Sheria ya mwaka 1983 ililikomesha hilo pamoja na mahari ambayo familia ya bibi harusi ililazimika kutoa, na sasa kila mwanamke hubaki na jina alilozaliwa nalo.

Jina la kwanza nalo si la kubuni. Mtoto huitwa babu au bibi yake, kwa desturi wa upande wa baba kwanza. Babu Giorgos akiwa na wana watatu, tarajia wajukuu watatu Giorgos wenye ukoo mmoja. Ndiyo maana hakuna fomu ya serikali hapa isiyokuuliza jina la baba na la mama.

Hapo kwenye fomu ndipo ninapopata riziki yangu, na maudhi yangu. Alfabeti ya Kigiriki haina herufi ya sauti "d", huandikwa kwa "nt". "B" ni "mp". "Sh" haipo kabisa. Kuna wazazi Watanzania niliowasindikiza kumwandikisha mtoto wao Shabani. Karani akaandika kwa Kigiriki alivyoweza, kisha mashine ikarudisha herufi za Kilatini moja moja: Sampani. Karani akacheka, maana *sampania* kwao ni mvinyo wa shampeni. Baba, Mwislamu anayesali swala tano, hakucheka. Tulirudi mara tatu. Nyumbani ni Shabani, kwenye cheti ni Sampani mpaka leo.

Wapenzi wa mpira wa kikapu wanalijua jambo hili bila kujua kwamba wanalijua. Giannis alizaliwa Athens mwaka 1994, wazazi wake Wanigeria wa ukoo wa Adetokunbo, jina la Kiyoruba lenye maana ya taji lililorudi kutoka ng'ambo ya bahari. Alipopewa uraia na pasi mwaka 2013, "d" ilikuwa imeshakuwa "nt" na "b" imekuwa "mp", akatoka Antetokounmpo. Miaka minane baadaye akatwaa ubingwa wa NBA na jina hilo mgongoni.

Giannis ni Yohana, na akina Giannis wote husherehekea tarehe 7 Januari. Siku ya mtakatifu wa jina lako hapa hushinda siku ya kuzaliwa, na wewe ndiye unayewalisha watu. Akina Dimitris ni tarehe 26 Oktoba, hasa Thessaloniki, mji ambao Demetrio ndiye msimamizi wake na ulioingia Ugiriki siku hiyo hiyo mwaka 1912. Akina Spyros wamejaa Corfu, Gerasimos wamejaa Kefalonia, Dionysis wamejaa Zakynthos. Kila kisiwa na mtakatifu wake. Agosti 15 ni ya akina Maria, na Athens huwa tupu, watu wamekwenda vijijini au kisiwa cha Tinos, ambako mahujaji hupanda kilima cha kanisa kwa magoti.

Mwaka wangu wa kwanza, bibi wa -oglou aliniuliza nasherehekea lini. Nikamwambia mimi Mwislamu, nimetoka Tanga, mahali ambapo wazee wangu walimjua Mgiriki kama mwenye shamba la mkonge, na jina langu halimo kwenye kalenda yao. Akafikiri. Akasema wasio na mtakatifu wana Jumapili ya Watakatifu Wote, wiki nane baada ya Pasaka, na kwamba yeye hupenda galaktoboureko, kitamu chao cha maziwa, isiwe na shira nyingi.

Basi kila mwaka Jumapili hiyo hushuka ngazi na boksi la galaktoboureko, nikaanzia kwake. Hufungua mlango ameshavaa vizuri, hunibusu mashavu yote mawili, hunitakia miaka mingi, na ile "sh" isiyokuwepo humshinda kama kawaida: "*Chronia polla*, Aisa mou."