Huria si bure: mfumo endeshi huria na ule wa kampuni

Kiswahili kina maneno mawili pale ambapo Kiingereza kina moja. Maji ya mvua ni bure. Ndege wa porini yuko huru. Mwingereza hutumia neno lilelile, "free", kwa yote mawili, na kwa sababu hiyo watetezi wa programu huria wamekuwa wakieleza kwa zaidi ya miaka 40 kwamba hawazungumzii bei. Sisi lugha imetusaidia tangu mwanzo, lakini msaada huo hatuutumii. Muulize mtu Linux ni nini, mara nyingi atakujibu: "Ni kama Windows, ila ya bure." Jibu hilo limeliacha nje jambo lenyewe.

Mfumo endeshi ni programu inayosimamia kompyuta nzima. Ndiyo inayoamka ukiwasha mashine, inayogawa kumbukumbu kwa programu nyingine, inayojua faili liko wapi kwenye diski, na inayowasiliana na kibodi, skrini, printa na Wi-Fi. Windows ni mfumo endeshi. MacOS vilevile, na Ubuntu, mmojawapo wa mifumo ya Linux. Programu yoyote huandikwa kwanza na watu kwa maandishi yanayosomeka, yaitwayo msimbo chanzo, kisha maandishi hayo hugeuzwa kuwa tarakimu zinazoeleweka na prosesa. Ukinunua Windows unapewa tarakimu. Maandishi yanabaki Microsoft. Hata ukiwa fundi hodari huwezi kufungua ndani ukaona kosa liko mstari gani, wala huna ruhusa ya kulirekebisha na kumpa jirani yako toleo lililopona. Kwenye mfumo huria unapewa vyote viwili, pamoja na leseni inayokuruhusu kuusoma msimbo, kuubadilisha na kuugawa, uwe kama ulivyokuja au kama ulivyoubadilisha.

Leseni ndiyo mzizi wa tofauti yote, na ilizaliwa kutokana na printa. Richard Stallman, mtunzi wa programu katika maabara ya chuo cha MIT huko Marekani, alikuwa amezoea kurekebisha programu ya printa ya ofisini ili iwaarifu watu karatasi zikikwama. Ilipokuja printa mpya ya Xerox, msimbo wake haukutolewa. Karatasi zilikwama, watu wakasubiri bila kujua, na yeye aliyejua dawa hakuwa na njia ya kuiweka. Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kujenga mfumo endeshi mzima ambao mtumiaji hawezi kufungiwa nje namna hiyo. Mwaka 1989 akatoa leseni ya GPL: badilisha upendavyo, lakini ukiigawa programu hiyo kwa wengine, wape na msimbo na haki zilezile ulizopewa wewe.

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliyekuwa na miaka 21, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux. Leseni yake ya kwanza ilikataza watu kukiuza. Mwaka uliofuata alikihamishia kwenye GPL, na katazo hilo likaondoka. Hapa panahitaji kusomwa mara mbili: leseni iliyoifanya Linux iwe huria ndiyo iliyoruhusu iuzwe. Kampuni ya Red Hat ilijenga biashara yake juu ya Linux, kwa kuuza huduma na uangalizi, hadi IBM ikainunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Kwa hiyo tunaposema "huria" upande huu na "kibiashara" upande ule, tunapotosha kidogo. Kinyume cha huria ni miliki, yaani programu ambayo mwenye msimbo ndiye pekee mwenye kauli ya mwisho juu yake. Biashara imo pande zote mbili.

macOS ya Apple inaonyesha vizuri zaidi kwamba bei si kipimo. Tangu 2013 matoleo yake mapya hayalipiwi. Hata sehemu ya chini kabisa ya mfumo huo, iitwayo Darwin, msimbo wake umewekwa wazi. Lakini leseni ya macOS inakuruhusu kuiweka kwenye mashine za Apple tu. Ni bure, na si huria.

Kwetu Afrika Mashariki mizani hii huharibika kabla hatujapima. Windows 11 Home inauzwa na Microsoft kwa dola 139 za Marekani. Nenda kwa fundi ukiwa na laptop ya mtumba, mwambie akupigie Windows: utalipa ujira wake tu, kwa sababu ufunguo wa leseni ameuruka kwa kraki. Unaondoka ukiamini Windows nayo ni bure, na Linux inabaki bila faida yoyote machoni pako. Gharama ipo, imehamia mahali usipopaona. Kraki ni programu ya mtu usiyemjua, uliyoipa mamlaka yote juu ya mashine yako, na mara nyingi ili ikubali kuingia fundi amezima kinga ya virusi na masasisho. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Tundu lililotumika Microsoft ilikuwa imeliziba tangu Machi, miezi miwili kabla. Mashine iliyozimiwa masasisho haikupata kiraka hicho. Nalisema hili kwa uzito: Windows ya halali ni mfumo mzuri, na Linux ni mfumo mzuri. Windows ya kraki ndiyo chaguo baya kuliko yote, na ndiyo wengi wetu tuliyo nayo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwangu ndilo linalopima kila kitu: nani anaamua mashine yako imezeeka? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza uangalizi wa kawaida wa Windows 10, ikiacha njia ya kupata masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi kwa watumiaji wa nyumbani. Windows 11 inadai kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa zilizomo kwenye orodha maalumu. Kwa Intel, orodha hiyo inaanzia takriban kizazi cha nane, kilichoingia sokoni 2017. Laptop ya Core i5 ya kizazi cha nne au cha sita, zinazouzwa kwa wingi kwenye maduka ya mitumba, haimo. Skrini inawaka, kibodi ni nzima, kazi inafanyika, ila aliyeko mbali ameshasema basi, na hakuna wa kumrithi, kwa kuwa msimbo hana mwingine.

Mifumo huria nayo huacha mashine. Ubuntu iliacha kompyuta za biti 32, na kila toleo lake la muda mrefu lina miaka mitano ya uangalizi wa kawaida. Ila anayeacha hawezi kumzuia mwingine kuokota. Mwaka 2010 watunzi wengi wa OpenOffice, mkusanyiko huria wa programu za ofisi, hawakuridhika na mwenendo wa kampuni iliyokuwa imeinunua. Walichukua msimbo wakaendelea nao kwa jina la LibreOffice, na leo hiyo ndiyo inayokuja na distro nyingi za Linux, yaani mifumo kamili iliyojengwa juu ya kiini hicho, kama Ubuntu. Laptop ile ya kizazi cha nne, yenye RAM ya GB 4 na diski ya SSD, inaendesha Linux Mint au Debian ya leo vizuri, na masasisho ya usalama inayapata.

Hapo hapo kwenye OpenOffice pana historia yetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kuiandikia kampuni barua ya maombi na kungoja ione kama Waswahili ni soko la kutosha. Msimbo ulikuwepo, ruhusa ilikuwepo, kilichobaki ni kukaa chini na kuamua kila neno lisemweje. LibreOffice ya leo ina Kiswahili cha Tanzania kwenye orodha yake ya lugha. Microsoft nayo iliwahi kuweka Kiswahili kwenye Windows, na ni jambo la kushukuru. Lakini ulipokuta humo neno limetafsiriwa vibaya, uliweza kulalamika tu. Kwenye LibreOffice unaweza kulirekebisha. Na Ubuntu, iliyoanza Oktoba 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, jina lake ni neno la Kibantu ambalo sisi tunalijua kama utu.

Kuhusu usalama, husemwa kuwa msimbo ulio wazi ni salama zaidi kwa sababu unaonwa na macho mengi. Kweli, ila macho hayo yawepo. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi aliyeajiriwa na Microsoft, aligundua kuwa kuingia kwenye mashine ya majaribio kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri umepachikwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumiwa na distro nyingi. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameisaidia programu hiyo kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa, huku mlezi wake wa asili akiwa mtu mmoja wa kujitolea aliyechoka. Uwazi ndio uliomwezesha Freund kuufikia mzizi. Lakini mlango wenyewe ulifichwa ndani ya mafaili yaliyo wazi kwa wote, na karibu hakuna aliyekuwa akitazama.

Upande wa hasara, usidanganywe na mashabiki. Photoshop haina toleo la Linux. Mhasibu anayeishi ndani ya Tally au QuickBooks ya kusakinisha ataumia, na Excel yenye makro nzito (amri zinazojiendesha zenyewe) haifunguki sawasawa kwenye LibreOffice. Baadhi ya vipande vya Wi-Fi, hasa vya Broadcom, vinahitaji draiva, yaani programu ya kuviendesha, ambayo ni ya kutafuta. Jiji la Munich huko Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, likahamisha kompyuta karibu 15,000, kisha mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows. Sababu zilibishaniwa sana, siasa ikiwemo. Polisi wa Gendarmerie wa Ufaransa walifaulu kwa njia nyingine: walianza kubadilisha programu kwanza, OpenOffice halafu Firefox, askari wakiwa bado kwenye Windows waliyoizoea. Ubuntu waliianza 2008, wakati ambapo programu zilizomo humo hazikuwa ngeni tena kwao.

Njia hiyo inafaa hata nyumbani. Weka LibreOffice na Firefox kwenye Windows yako ya sasa, uzitumie mwezi mmoja kwa kazi zako halisi. Zikikushinda, tatizo hilo usingeliponya kwa kuhamia Linux. Nunua leseni ya Windows, ufute kraki. Zikikutosha, chukua flashi ya GB 8, pakua Linux Mint (faili lake ni karibu GB 3, kwa hiyo tafuta bando la usiku au Wi-Fi ya ofisi), uiandike kwenye flashi kwa programu kama Rufus, kisha uwashe kompyuta kutokea kwenye flashi kwa F12, F9 au Esc, kulingana na mtengenezaji. Mfumo mzima utafunguka bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, printa, na uifunge laptop uone kama inaamka. Ukizima na kuchomoa flashi, Windows yako iko palepale. Kitufe cha kusakinisha usikiguse kabla hujanakili picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje, kwa sababu diski ikishafomatiwa, kuvirudisha ni bahati nasibu.