Neno "gesi" halikutoka kwa mizuka ya Wajerumani

Sisi tumelipata neno gesi kwa Waingereza, nao walilikuta katika maandishi ya Jan Baptist van Helmont, tabibu na mkemia wa Brussels aliyefariki mwaka 1644. Maneno mengi hayana baba anayejulikana. Hili linaye, na alisema mwenyewe alikolitoa, lakini watu bado wanabahatisha.

Dhana: Limetokana na Geist, yaani roho au mzuka kwa Kijerumani.

Ukweli: Dhana hii ina mvuto wake, kwa sababu gesi haionekani na chombo kikizibwa hupasuka kana kwamba kina jini. Ila van Helmont aliandika kwamba mvuke huo ameuita gas kwa kuwa hauko mbali na chaos ya watu wa kale, ule mvurugo ambao Wagiriki walisema ulitangulia ulimwengu kupangika. Kinachowapoteza wengi ni tahajia. Msemaji wa Kiholanzi, kama van Helmont, huitamka g kooni, karibu na kh ya mtu wa pwani anaposema "kheri", na ch ya chaos vivyo hivyo, hivyo masikioni mwake gas na chaos yalikaribiana sana.

Dhana: Tangu mwanzo lilihusu nishati.

Ukweli: Lilihusu hesabu isiyotimia. Alichoma ratili 62 za mkaa wa mwaloni, ikabaki ratili 1 ya majivu. Zile 61 zilikwenda wapi? Akasema zimegeuka gas, akaipa sifa ya "mwitu" kwa kuwa haikubali kufungiwa. Leo tunaiita kaboni dioksidi. (Petroli ambayo Wamarekani huiita "gas" ni mkato wa gasoline tu.)

Dhana: Wataalamu walilipokea mara moja.

Ukweli: Kwa zaidi ya miaka 100 wengi waliendelea kusema "hewa" ya aina hii au ile, hadi wakemia wa Ufaransa, Lavoisier akiwemo, walipolieneza. Pacha wa neno hili, blas, ambalo van Helmont alilibuni kutaja nguvu za nyota, lilikufa.

Dhana: Aliyeipa gesi jina aliielewa.

Ukweli: Alipanda mwerebi wa ratili 5 katika ratili 200 za udongo mkavu. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa na ratili 169 hivi, na udongo umepungua wakia 2 tu. Akahitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Kumbe kaboni yote ya mti ule ilitoka hewani, katika gesi ileile ya mkaa wake.