Nyasi za Julai: msilaumu baridi, tazameni kivuli

Kuanzia katikati ya Juni simu ninazopokea huwa ni zile zile. "Fundi, nyasi zimegeuka manjano, niweke mbolea gani?" Nikiuliza kilichokwisha fanywa, naambiwa kijana wa bustani anamwagilia kila jioni, CAN, mbolea ya naitrojeni, imeshanyunyizwa, na nyasi zimekatwa hadi chini ili zipate hewa. Basi hayo matatu ndiyo yanayozimaliza. Baridi inasingiziwa bure.

Baridi ya Nairobi si ya kuua nyasi. Alfajiri ya Julai hucheza kwenye nyuzijoto 11 au 12, siku nyingine ikashuka chini ya 10, na mchana hufika 21 au 22. Nyasi za kikuyu, ambazo ndizo zimetapakaa mjini, kwao ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, pande za Limuru na juu zaidi, ambako ni baridi kuliko hapa. Zilichukuliwa zikapandwa Australia, Afrika Kusini na Marekani, na huko jalidi, yaani umande ulioganda, ikianguka hukauka kabisa juu. Mjini Nairobi jalidi ni nadra mno. Hata mashamba ya chai ya Kericho na Nandi yakipigwa na jalidi, kwa kawaida huwa ni Januari au Februari, usiku mkavu usio na wingu. Julai yetu hujaa mawingu, na mawingu hayo huzuia joto la ardhi lisipotee usiku.

Ndiyo maana huwa nawasihi wateja waachane na video za Florida na Texas. Kule nyasi hulala, watu wakapanda juu yake mbegu za nyasi za baridi na kutia mbolea maalumu ya msimu. Zetu hazilali, zinapunguza tu mwendo. Tena kalenda yao imepishana na yetu: wao wakiambiwa Januari wapunguze maji, sisi Januari ndio jua kali na ardhi kavu.

Kinachopungua Julai ni mwanga. Januari na Februari tunapata jua kwa muda wa saa 9 hivi kwa siku. Julai ni kama saa 4. Juu ya hayo, jua lenyewe limehama. Sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, na mwezi wa Juni jua liko mbali kaskazini. Likiwa juu kabisa, mwendo wa saa sita na nusu mchana, kivuli huanguka upande wa kusini. Ukuta wa mita 3 hufunika karibu mita 1.4 ya bustani. Ghorofa la mita 30, kama haya yanayoota kila kona Kilimani na Kileleshwa, hufunika karibu mita 14. Kuanzia katikati ya Machi hadi karibu mwisho wa Septemba, kivuli cha saa sita na nusu huwa upande huo wa kusini mwa jengo, kikirefuka hadi Juni kisha kikifupika tena. Desemba mambo yanageuka, kivuli kinahamia kaskazini, na mwenye nyumba anadhani mbolea yake ya Julai hatimaye imefanya kazi.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, toka nje siku yenye jua, saa sita na nusu, uone kivuli kinaishia wapi. Mara nyingi umanjano nao unaishia hapo hapo. Kama ni matawi, yapunguze. Kama ni ghorofa la jirani, nyasi za kikuyu hazitakusaidia, maana hazipendi kivuli hata kidogo. Sehemu hiyo panda nyasi za Pemba, zile za jani pana, au weka kokoto na mimea ya kivulini uachane na vita.

Palipobaki na mwanga, acha jani liwe refu. Jani ndilo linalonasa huo mwanga mchache. Mwaka mzima mimi hukata kikuyu sentimita 3 au 4. Juni hadi Agosti napandisha mashine hadi 5 au 6, wala siondoi zaidi ya theluthi moja kwa mkupuo. Nanoa kisu, na nasubiri umande ukauke, hata kama kijana anataka kumaliza kazi mapema aende zake.

Kuhusu maji, manyunyu ya Julai yanadanganya. Yanalowesha jani bila kufika kwenye mzizi, lakini kwa kuwa jua ni haba, maji yaliyoko chini nayo hayaishi haraka. Chukua bisibisi ndefu uidunge ardhini. Ikizama kwa urahisi na kutoka na udongo umeshika, funga mpira. Ikigoma, mwagilia, lakini asubuhi. Ukimwagilia jioni jani linalala limelowa, na baada ya muda utaona mabaka ya kahawia ya mviringo. Asubuhi, umande ukiwa bado upo, inama: utakuta nyuzi nyeupe kama za buibui. Hiyo ni kuvu. CAN inaizidishia chakula, kwa sababu naitrojeni nyingi kwenye mwanga hafifu huzaa majani teketeke. Mbolea ya chumvichumvi ingoje mvua za Oktoba.

Waridi nazo huota ubwiri unga, ule weupe juu ya majani machanga. Mwagilia shinani, punguza matawi ya katikati hewa ipite. Bogenvilia isipotoa maua usiishughulikie, inangoja jua.

Wenye udongo mweusi, South C, Embakasi, Syokimau na kwingineko, mna la ziada. Udongo ule ukilowa na kukanyagwa hushindiliana hadi mizizi inakosa hewa. Zuieni gari lisiegeshwe kwenye nyasi, na njia ya mkato kuelekea geti itandikiwe mawe ya kukanyaga. Jembe la meno la kutoboatoboa litumieni Agosti ikianza kukauka, kisha mmwage mboji iliyochekechwa iingie kwenye matundu. Nyasi za kubandika msinunue sasa, hata muuzaji akipunguza bei, kwa sababu mizizi yake itakawia kushika hadi joto lirudi.