Jenereta ya mawimbi ya kidijitali: tarakimu nyingi hazileti usahihi

Kati ya malalamiko yanayofikishwa karakana pamoja na jenereta za mawimbi, yaani vifaa vinavyotoa wimbi la umeme la masafa (mitetemo kwa sekunde, Hz) unayoyaomba, lipo moja ambalo nimechoka kulijibu: kwamba kifaa kinachokubali masafa hadi sehemu ya mia ya Hz lazima kitoe masafa sahihi kwa kiwango hicho hicho, na kaunta, kifaa cha kupima masafa, inayosoma tofauti ndiyo mbovu. Tuchukue chipu ya AD9850, inayozalisha mawimbi kidijitali na kutumiwa sana na wanafunzi na wapenzi wa redio. Kwa saa (mapigo yanayoiongoza chipu) ya MHz 125 na namba ya biti 32 inayopewa ili kuchagua masafa, hatua yake ndogo kabisa ni takriban Hz 0.0291. Hiyo ni hatua tu. Usahihi hutoka kwenye kristali, kipande kinachotetemeka kwa mpigo thabiti, inayozalisha zile MHz 125, na kristali ya bei nafuu yaweza kukosea kwa sehemu 50 kwa milioni, yaani Hz 500 unapoomba MHz 10. Futi kamba iliyovutika haiwi sahihi kwa kuchorewa mistari zaidi.

Kinachotakiwa ni kuipima saa yenyewe. Ukiomba MHz 10 na kaunta ya kuaminika ikasoma Hz 10,000,248, saa yako imezidi kwa sehemu 24.8 kwa milioni, nayo inatoa Hz 125,003,100. Iandike namba hiyo kwenye programu mahali palipokuwa na 125,000,000, na kosa litakwisha mpaka joto litakapobadilika. Ndiyo maana nasisitiza, hata kwa wanaoniona msumbufu, kwamba kifaa kiwashwe nusu saa kabla ya kupimwa na joto la chumba liandikwe kando ya kipimo.

Kaunta nayo isiunganishwe na MHz 10 za rejea zinazotoka kwenye jenereta ile ile inayopimwa. Vifaa viwili vinavyotegemea kristali moja vitakubaliana hata kama kristali hiyo imepotoka, na wapo wanaoyaita makubaliano hayo uthibitisho. Tumia rejea ya nje, kama osileta (chanzo cha mapigo) inayorekebishwa na GPS.

Wengine huamini kwamba masafa ya namba kamili hupatikana bila mabaki. Kwa Hz 1000, AD9850 ingehitaji namba ya 34,359.74; kwa kuwa hupokea namba nzima tu, utaipa 34,360 na kupata takriban Hz 1000.0076, hata saa ikiwa haina kosa lolote. Kigawanyaji cha mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ya MHz 16, kinachogawa saa kwa namba nzima tu, kina hatua kubwa zaidi: ukitaka MHz 3, utapata 3.2 au 2.67.

Mwisho ni hawa wanaodai MHz 62.5 kutoka saa ya MHz 125 kwa sababu nusu ya saa ndiyo kikomo cha nadharia. Ukitoa MHz 40, taswira yake, yaani wimbi la ziada linalotokea kwenye saa ukitoa masafa uliyoomba, huwa kwenye MHz 85, na kichujio kizuri kitaiondoa. Ukitoa MHz 60, taswira iko kwenye MHz 65, ikiwa na nguvu inayokaribia ya wimbi lenyewe, na hakuna kichujio cha kawaida kitakachozitenganisha. Anayehitaji MHz 60 atafute chipu yenye saa ya kasi zaidi.