Mimba juu ya figo iliyopandikizwa: namba zilezile, maana nyingine

Kuzaa ukiwa na figo ya kupandikizwa si jambo geni. Edith Helm wa Marekani alijifungua mwaka 1958 akiwa na figo aliyopewa na pacha wake. Hapa Tanzania hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018, na wengine hupandikiziwa India kisha wakarudi kufuatiliwa karibu na kwao, Moshi au Arusha. Anayeniuliza kama anaweza kuzaa namjibu: unaweza, ila si sasa hivi.

Subiri angalau mwaka mmoja. Ninachotaka kuona kabla ya mimba ni kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo inavyochuja) chini ya mikromoli 133 kwa lita, protini ya mkojo chini ya gramu 0.5 kwa saa 24, presha iliyotulia, na mwaka mzima ambao mwili haujajaribu kuikataa figo. Katika kusubiri huko, uzazi wa mpango ni lazima. Aliyekaa kwenye dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, bila kuona siku zake hudhani hawezi kushika mimba, kumbe yai linaweza kupevuka mwezi mmoja tu baada ya upasuaji. Kitanzi au kijiti vinafaa. Vidonge vyenye estrojeni havimfai mwenye presha inayosumbua.

Kisha dawa. Maikofenoleti, mojawapo ya dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, huharibu mimba, na mtoto akipona anaweza kuzaliwa na kasoro za masikio, mdomo au moyo. Iachwe angalau wiki sita kabla, nafasi yake ichukuliwe na azathioprini. Mimi hupenda miezi mitatu, nipate muda wa kuona kama figo imeukubali ubadilishaji huo. Enalaprili na losatani, dawa za presha, nazo zitoke. Methildopa au nifedipini ziingie. Prednisoloni na takrolimasi, ambazo nazo huilinda figo isikataliwe, zinaendelea. Ukigundua una mimba ambayo hukuipanga, usiache dawa zote kwa kumhurumia mtoto. Piga simu kliniki siku hiyohiyo, maana figo ikikataliwa mtoto naye yumo hatarini.

Mimba ikishaingia, vipimo ulivyovizoea hubadilika maana. Damu huongezeka na figo huchuja zaidi, kwa hiyo mwenye kreatinini ya 100 natarajia ishuke kidogo katika miezi ya mwanzo. Ikibaki 100 maabara huenda ikaandika kuwa ni kawaida, lakini mimi nitatafuta sababu.

Takrolimasi ndiyo yenye mtego zaidi. Kiwango chake hushuka, na mara nyingi dozi hupandishwa. Ila sehemu kubwa ya dawa hiyo hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu, hivyo chembe hizo zikipungua kipimo husoma chini hata kama dawa inayofanya kazi inatosha. Ndiyo maana nakisoma pamoja na himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, kila wiki mbili hadi nne. Na sampuli itolewe saa 12 baada ya dozi ya usiku, kabla ya kumeza ya asubuhi. Anayetoka Rombo alfajiri akameza dawa kabla ya kupanda gari atasoma juu kwa uongo. Dozi itapunguzwa, na wiki chache baadaye figo italalamika. Beba kidonge mkobani, umeze ukishatolewa damu.

Zaidi ya nusu ya wajawazito hawa hupata presha, takriban 27 kati ya 100 hufikia hali inayotangulia kifafa cha mimba, na karibu nusu hujifungua kabla ya wakati. Aspirini ndogo ya miligramu 75 hadi 150, kuanzia wiki ya 12, hupunguza hatari hiyo. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona vimulimuli au maumivu yakikaa chini ya mbavu, usisubiri tarehe ya kliniki. Na tukiwa kwenye presha: magadi ya kulainishia maharage na kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage) ni sodiamu tupu. Yaacheni, hata kama mama mkwe atanuna.

Maambukizi ya mkojo ni mengi, na dawa za kushusha kinga huficha homa. Mkojo uoteshwe maabara kutafuta vijidudu kila mwezi hata kama huhisi kitu. Septrini haifai miezi mitatu ya mwanzo, na anayeitumia baadaye asipewe tena SP ya malaria. Mwambie nesi, kwani kadi ya kliniki pengine haionyeshi.

Figo hiyo imekaa juu ya nyonga, haizibi njia ya mtoto. Kujifungua kawaida kunawezekana, na kisu kiwe kwa sababu za uzazi. Aliyemeza prednisoloni muda mrefu apewe haidrokotisoni ya mshipa wakati wa uchungu. Kosa ninaloliogopa hasa huja baadaye, wodini: sindano ya daiklofenaki ya maumivu, ambayo huumiza figo lakini kila mzazi hupewa. Wewe sema hapana, uombe parasetamoli.

Kunyonyesha ni sawa kwa prednisoloni, azathioprini na takrolimasi. Kama dozi ya takrolimasi ilipandishwa wakati wa mimba, ipimwe tena ndani ya wiki ya kwanza, kwani mwili unaporudi ulivyokuwa dozi ileile huwa sumu kwa figo.