Kutazama wanyama Mlima Meru: anza kupanga ukiwa bado Dar es Salaam

Kila zinapokaribia likizo za Juni na Desemba, wakazi wa Dar es Salaam wanaofika kwenye dawati letu la elimu ya uhifadhi huuliza swali lile lile: "Nikienda Hifadhi ya Taifa ya Arusha nitaona wanyama gani?" Swali ni zuri, lakini kuna jingine linalopaswa kulitangulia: utakuwa ndani ya hifadhi saa ngapi? Watu wanasafiri zaidi ya kilomita 600, wanalala Arusha mjini, wanaamka kwa raha zao, wanafika getini saa 4 asubuhi jua limeshapanda, na saa 8 mchana wanakuwa wameshatoka. Hao ndio wanaorudi mjini wakisimulia kwamba hifadhi haina kitu. Wanyama walikuwepo, ila walikuwa wameshaingia kivulini.

Meru, uliomo ndani ya hifadhi hii, ni mlima wa volkano, wa pili kwa urefu nchini baada ya Kilimanjaro, wenye mita 4,566. Mlipuko wake wa mwisho, ambao ulikuwa mdogo, ulitokea mwaka 1910. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki ulibomoka wote, na mawe, majivu na tope vikaporomoka hadi mbali bondeni. Ukisimama Momella, chini ya mlima ndani ya hifadhi, ukatazama juu, unaliona pengo lenyewe: ukuta wa mwamba unaokaribia mita 1,500 kwa kimo, na katikati yake koni ya majivu iliyoota baadaye. Vilima vidogo vidogo unavyovipita na gari ni mabaki ya ule mporomoko, na mabonde yaliyobaki kati yake ndiyo yaliyojaa maji yakawa Maziwa ya Momella. Kwa hiyo hata siku wanyama wakigoma kutokea, bado una jambo kubwa la kutazama mbele yako.

Sehemu hiyo ilianza kulindwa kama hifadhi ya taifa mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto (kreta ni shimo kubwa la volkano). Mwaka 1967 ikaongezwa kreta ya Meru, na jina likabadilika kuwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

Aliyezoea picha za Serengeti anatarajia mbuga pana na wanyama wanaoonekana toka mbali. Mlimani mambo ni mengine. Pepo za kusi zinazopanda kutoka Bahari ya Hindi, hizi hizi zinazotupoza hapa pwani, zinapogonga Meru hupanda, hupoa na kumwaga mvua kwenye miteremko ya kusini na mashariki. Udongo wa volkano una rutuba, kwa hiyo msitu umeshonana. Upande wa kaskazini magharibi uko mgongoni mwa mvua na ni mkavu. Chini kuna majani mafupi na miti ya miiba, hatua chache juu unaingia msitu mzito, halafu mitarakwa na mipodo, kisha vichaka vya baridi, na mwisho mawe matupu. Kila tabaka lina wanyama wake. Ndani ya msitu jicho halifiki hata mita 30, na sikio lako ndilo linalofanya kazi ya kwanza.

Chukua mbega, mnyama ambaye kwa maoni yangu peke yake anatosha kuwa sababu ya safari. Ni mweusi, mabegani ana manyoya meupe marefu yanayoning'inia kama shuka la mgolole, na mkia wenye kishada cheupe. Anakula majani zaidi ya kitu kingine, na tumbo lake lina vyumba vya kuyachachusha. Chakula cha namna hiyo kinampa nguvu kidogo kidogo, ndiyo maana mchana utamkuta amekaa tu, kimya, juu kabisa, na usipoonyeshwa unampita. Lakini alfajiri dume hunguruma, sauti nzito ya kukoroma inayojibiwa na kundi la upande wa pili wa bonde. Jua la kwanza likigusa vilele vya miti, kundi zima hujitokeza kuota jua. Hapo ndipo pa kutoa darubini. Tazama mikono yake: dole gumba limebaki kinundu tu, na vidole vinne vilivyobaki vinashika tawi kama ndoano. Tazama kama yumo mtoto mchanga, maana mbega huzaliwa mweupe mwili mzima, uso ukiwa wa waridi, na rangi ya ukubwani huja baada ya miezi kadhaa. Majike wengine wa kundi humpokea na kumbeba. Ukikaa nusu saa chini ya mti mmoja utayaona yote hayo. Mwenye gari linalopita kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa ataona mkia tu.

Chini ya miti ile ile sikiliza hondohondo, ndege mkubwa ambaye mabawa yake yanavuma akipita. Kima nao wamo, na pongo na funo hutoka pembezoni mwa barabara asubuhi na jioni. Uwanda wa karibu na geti la Ngongongare, ambao waongoza watalii huuita Serengeti Ndogo, ndiko kwa kutafuta twiga, nyati, pundamilia na ngiri. Simba si wa kutarajia hapa. Nawaambia watu mapema ili asije mtu kuitumia siku nzima akimtafuta mnyama asiyekuwepo. Tembo na chui wapo, lakini ni wa kubahatisha.

Maziwa ya Momella yanahitaji maelezo zaidi kidogo, kwa sababu ndiyo yanayowavunja watu moyo. Mtu ameona picha ya ziwa lililojaa heroe (flamingo), anafika anakuta ishirini, au hakuna kabisa. Maji ya maziwa hayo yana magadi, kila ziwa kwa kiwango chake, na mimea midogo inayoota ndani yake hutofautiana, ndiyo maana ziwa moja lina rangi ya kijani na jirani yake buluu. Heroe mdogo anakula hiyo mimea midogo, akichuja maji huku amegeuza mdomo juu chini. Mvua kubwa ikiyazimua maji, chakula kinapungua na ndege wanahamia maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Kuzaliana, wanakwenda hasa Ziwa Natron. Kwa hiyo piga simu siku mbili tatu kabla, muulize mwenyeji wako wa kule hali ya ndege ikoje. Kuanzia Oktoba hadi Aprili kuna pia ndege wahamaji wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia, na kwa mpenda ndege hicho ndicho kipindi chenye wingi wa aina.

Sasa safari yenyewe. Basi kutoka Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, hupitia Chalinze, Segera, Korogwe, Same na Moshi, na kwa kawaida huchukua saa 10 hadi 12. Kumbuka basi linapita Usa River kabla halijafika Arusha mjini, na njia ya kwenda hifadhini inachepuka hapo. Shuka Usa River ulale hapo. Nyumba za wageni zipo za bei mbalimbali. Kwa uamuzi huo mmoja unaokoa mwendo wa kwenda mjini na kurudi, na unakuwa umeshinda nusu ya vita ya alfajiri. Anayekwenda kwa ndege ashuke KIA, na Usa River iko njiani kuelekea Arusha.

Usiingie hifadhini siku ile ile uliyosafiri. Mtu aliyetoka Dar usiku, hajalala, shingo inauma, hana subira ya kumngojea mbega. Weka siku mbili nzima kama bajeti inaruhusu. Kama ni moja tu, iwe nzima: ingia geti linapofunguliwa asubuhi, anza na msitu, panda Ngurdoto kabla ukungu haujajaa au ukishaondoka, mchana wa jua kali kaa kwenye maziwa ambako ndege hawajifichi, jioni rudi uwandani. Ngurdoto unaitazama kutoka ukingoni, kwani wageni hawaruhusiwi kushuka kwenye sakafu yake. Nyati utawaona kule chini kwenye majani ya kinamasi, wadogo kama punje, na bila darubini utadhani ni mawe. Darubini ya kuazima inafaa kuliko simu yenye kamera ghali.

Gari dogo linapita barabara kuu wakati wa kiangazi. Njia za msituni na za kupanda ukingo wa kreta zinataka gari lililoinuka, lenye kusukuma magurudumu yote manne, hasa mvua zikishanyesha. Familia mbili tatu zikichangia gari moja na mwongoza watalii mmoja, gharama ya kila mmoja inashuka sana, na kwa kweli macho ya mwongozaji aliyekulia maeneo yale yana thamani kuliko gari lenyewe.

Kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi na ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni kutoka nje, ila uraia unathibitishwa. Beba kitambulisho cha NIDA. Watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi, na wa miaka 5 hadi 15 wana kiwango chao. Getini hawapokei fedha taslimu, hivyo hakikisha una salio kwenye simu au kadi ya benki, na uliza viwango vya sasa kwa TANAPA kabla ya kufunga mzigo, kwa sababu hurekebishwa mara kwa mara.

Kutembea kwa miguu ndiko ninakopigia debe kuliko yote. Hifadhi hii ni mojawapo ya chache ambako unaweza kushuka garini ukatembea ukiwa na askari mwenye silaha, mpaka maporomoko ya Tululusia na kwingineko. Askari yupo kwa ajili ya nyati. Dume mzee aliyejitenga na kundi ndiye wa kuogopwa: hakimbii mapema, anasimama kichakani akikutazama. Kwa hiyo tembeeni kwa mstari mmoja nyuma ya askari, msiongee kwa sauti, na akiinua mkono, simameni hapo hapo bila kuuliza. Nguo za kaki au kijani zinafaa. Manukato yaacheni hotelini, kwa kuwa upepo ukiwapeleka harufu yenu mbele, pongo wote wameshaondoka.

Wakazi wa pwani wanadharau sana baridi. Hali ya joto hushuka kama nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, na Momella iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Siku ambayo Kariakoo mnatoka jasho, kule mtu anavaa sweta, na kati ya Juni na Agosti asubuhi inauma hasa. Jaketi zito halihitaji fedha nyingi, mitumba ya Ilala inazo. Ongeza koti la mvua na viatu vilivyofunga kisigino. Masika, Machi hadi Mei, tope ni kubwa na mawingu hufunika mlima. Januari na Februari anga huwa wazi zaidi, na asubuhi njema Kilimanjaro inaonekana kutoka Momella, theluji yake yote.

Maji ya kunywa beba yako. Chemchemi na vijito vingi vya Meru vina floridi nyingi inayotokana na miamba ya volkano, na ndiyo inayotia meno ya watoto wengi wa maeneo yale rangi ya kahawia. Kunywa mara moja hakutakudhuru kwa hilo, lakini hakuna sababu ya kunywa maji ya kijito yasiyotibiwa kwenye msitu wenye nyani na nyati. Maji hayo hayo ya mlimani, kupitia mto Kikuletwa, huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani, na kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls kabla ya kufika baharini. Taa za huku kwetu nazo zina sehemu yake katika msitu ule. Ndiyo sababu askari wanakuwa wakali kuhusu kipisi cha sigara.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo usiifungie chakula. Nyani usimpe hata ganda la ndizi: akishazoea mkono wa mtu, kesho atamnyang'anya mtoto, na mwisho wake huwa kuuawa. Muziki zimeni. Droni hairuhusiwi bila kibali.

Kupanda hadi Kilele cha Ujamaa, ncha ya juu kabisa ya Meru, ni safari nyingine, ya siku tatu au nne, kupitia vibanda vya Miriakamba na Saddle, na inataka matayarisho yake ya mwili. Msiichanganye na ziara ya wanyama ya wikendi. Lakini mwenye miguu mizuri anaweza kuomba matembezi ya siku moja kuelekea Miriakamba, apite chini ya mtini mkubwa uliofanya upinde juu ya njia, kisha ateremke kabla ya jioni. Aliye na mzazi mzee au mtoto mdogo amwombe dereva asimame muda mrefu kwenye ukingo wa Momella Ndogo, ambako viboko hawako mbali na hakuna haja ya kutembea. Nafasi za vyumba Usa River hujaa katikati ya Desemba, watu wa Kilimanjaro na Arusha wanaporudi kwao, na nauli za basi nazo hupanda, basi mwenye uhuru wa kuchagua achague Januari.